Kumpima Meya kwa Hali ya Uchumi wa Mji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Arusha na Moshi

Maswali haya ni ya mkazi, mfanyabiashara au mwandishi wa habari anayetaka kusema jambo la maana kuhusu meya wake, zaidi ya "mji umechangamka" au "vyuma vimekaza". Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine.

## Meya na mipaka yake

1. Meya anachaguliwa na nani?

Na madiwani, kutoka miongoni mwao. Wewe unampigia kura diwani wa kata yako. Baraza likishaundwa, wajumbe wake ndio wanaomchagua meya wa miaka mitano. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Arusha ni jiji na Moshi ni manispaa, lakini utaratibu ni mmoja.

Wengi huchanganywa na habari za nje. London wakazi humchagua meya wao moja kwa moja tangu 2000, na ng'ambo ya Namanga kaunti zina magavana wa kuchaguliwa na wananchi tangu 2013. Gavana ana serikali yake na bajeti yake. Kipimo kinachomfaa yeye kitamwonea, au kitampendelea, mwenyekiti wa baraza la madiwani.

2. Ana nguvu gani juu ya uchumi wa mji?

Anaongoza baraza, na anaongoza Kamati ya Fedha na Uongozi inayokutana kila mwezi. Humo ndimo rasimu ya bajeti inapopita, taarifa ya makusanyo inaposomwa, na sheria ndogo za ushuru zinapojadiliwa kabla ya kupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Hasaini malipo. Mtendaji mkuu ni mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais.

Kwa hiyo nguvu ya meya ni ya kupanga ajenda, kuuliza na kukataa. Isidharauliwe. Meya anayeacha taarifa ya makusanyo ipite miezi mitatu mfululizo bila swali amekwisha kufanya uamuzi wa kiuchumi, hata kama kalamu hakuishika.

3. Mbona basi analaumiwa kwa kila kitu?

Kwa sababu ndiye anayevaa joho na mkufu. Lakini barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na ushuru wa maegesho unaokukera pale mjini ni wa TARURA pia. Barabara kuu ni TANROADS, umeme ni TANESCO, maji ni AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Kodi ya mapato na VAT ni TRA.

Yaliyo mikononi mwa halmashauri ni masoko, stendi, uzoaji taka, vibali vya ujenzi, leseni za biashara za kundi B, ushuru wa huduma, mikopo ya asilimia 10 (swali la 12), shule na vituo vya afya. Ukitaka kumpima meya, anzia kwenye orodha hii ya pili.

4. Hoteli zinajengwa kila siku Usa River. Hizo si sifa ya jiji?

Usa River ni Halmashauri ya Meru. Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kiwanja cha ndege cha KIA kiko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Mkoa wa Arusha una halmashauri saba, na jiji ni moja tu. Ushuru wa huduma hulipwa kule biashara ilipo, hata kama mwenye hoteli anakunywa kahawa yake Njiro kila asubuhi.

Faida inayovuka mpaka ipo: dereva wa watalii anayelala Sakina ananunua unga na vifaa vya gari mjini. Faida hiyo hakuna meya wa kujipigia kifua kwayo.

## Takwimu na mitego yake

5. Ni takwimu zipi zinazoonyesha uchumi wa jiji?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pato la mkoa. Benki Kuu hutoa mwenendo wa uchumi kwa kanda, na Kanda ya Kaskazini inachanganya mikoa kadhaa. Akisimama mtu jukwaani na kusema "uchumi wa jiji letu umekua kwa asilimia fulani", mara nyingi ameazima namba ya mkoa, yenye ng'ombe wa Longido na mashamba ya Karatu ndani yake.

Namba ya fedha iliyo karibu zaidi na mipaka ya jiji ni makusanyo ya mapato ya ndani. Ina kasoro zake. Tazama swali la 6 na la 7.

6. Mapato ya ndani yamepanda kwa asilimia 25 ndani ya miaka minne. Hiyo si kazi nzuri?

Tufanye hesabu. Tuseme halmashauri ilikusanya shilingi bilioni 20 mwaka 2020 na bilioni 25 mwaka 2024.

Ondoa kwanza mfumuko wa bei. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Zidisha 1.037 × 1.043 × 1.038 × 1.031, upate karibu 1.16. Gawanya 25 kwa 1.16: zimebaki bilioni 21.6 kwa thamani ya shilingi ya 2020.

Kisha hesabu watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ya 2022 ikahesabu 617,631. Huo ni ukuaji wa karibu asilimia 4 kwa mwaka, yaani 1.17 kwa miaka minne. Gawanya 21.6 kwa 1.17: bilioni 18.5.

Yale "mapato yaliyopanda kwa robo", kwa kila mkazi na kwa thamani halisi, yameshuka kwa karibu asilimia 8. Hakuna aliyedanganya, ni kwamba hesabu iliishia njiani. Kosa la kawaida hapa ni kuondoa mfumuko na kusahau watu, wakati katika mji unaokua kwa kasi hii watu wana uzito uleule.

7. Je, mapato yanaweza kupanda au kushuka bila biashara kubadilika?

Yanaweza, na ndivyo inavyotokea mara nyingi.

Sheria hubadilika Bungeni. Kodi ya majengo ilihamia TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Halmashauri iliyopoteza chanzo kama hicho itaonekana imelegea, ingawa hakuna duka lililofungwa. Ushuru wa huduma kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo bila VAT. Kabla ya kulinganisha miaka, angalia Sheria ya Fedha ya kila mwaka inasemaje.

Ukusanyaji nao hubadilika. Mashine za POS zikiletwa, au mfumo wa kielektroniki wa mapato wa TAUSI ukianza kutumika, pesa iliyokuwa inaishia mifukoni mwa mawakala huingia benki. Huo ni ushindi wa utawala, tena mkubwa, na baraza lipewe haki yake. Ila usiuite ukuaji wa biashara.

Halafu kuna mapato ya mara moja: mauzo ya viwanja na malimbikizo ya madeni ya nyuma. Mwaka wa kuuza viwanja grafu inaruka, mwaka unaofuata inaanguka. Toa hivyo viwili pembeni. Toa pia mapato lindwa, kama malipo ya wagonjwa kwenye vituo vya afya, ambayo yana matumizi yake maalumu. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha.

8. Nianze kuhesabu mwaka gani?

Mwaka wa kuanzia huamua hukumu kabla hujaandika neno. Watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa UVIKO-19, wakashuka hadi 620,867. Mwaka 2023 walifika 1,808,205, na 2024 wakawa 2,141,895.

Ukianzia 2020, wageni wameongezeka zaidi ya mara tatu, na baraza lililoingia baada ya uchaguzi wa mwaka huo linaonekana la miujiza. Ukianzia 2019, ongezeko ni asilimia 40 kwa miaka mitano. Wapagazi wa Moshi na wapishi wa safari wa Arusha walirudi kazini kwa sababu ndege zilirudi. Tumia 2019 kama msingi, au wastani wa miaka mitatu kabla ya janga.

9. Nilinganishe na mji gani?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Ukiona pesa imeadimika mjini, jambo la kwanza kujua ni kama Mwanza nako imeadimika.

Kwa Arusha chukua Mwanza, Mbeya na Tanga, ambayo ni majiji. Dodoma iache: kuhamia kwa serikali kumeivuruga kwa kulinganisha. Tafuta badiliko la mapato ya ndani la kila mmoja kwa asilimia, pata wastani wa hiyo mitatu, kisha uutoe kwenye badiliko la Arusha. Kwa mfano, Arusha ikiwa imepanda 9, Mwanza 8, Mbeya 10 na Tanga 7, tofauti haifiki pointi moja. Hapo huna la kumsifia wala la kumlaumu mtu. Arusha ikipanda 2 na wenzake 8, kuna jambo.

Bado usiandike. Tazama Moshi na Karatu. Nao wakiwa kwenye 2, tatizo ni utalii. Moshi na Karatu wakiwa kwenye 8 na Arusha peke yake kwenye 2, sasa nenda kaulize kwenye baraza.

10. Vipi kulinganisha mwezi kwa mwezi?

Usifanye hivyo. Aprili na Mei ni masika, makambi mengine hufungwa na madereva hukaa nyumbani. Juni hadi Oktoba magari hayatoshi. Moshi ina wimbi lake la pili: Desemba, ndugu wakirudi kula Krismasi, hata fundi cherehani hana nafasi. Linganisha robo mwaka na robo ileile ya mwaka uliotangulia, na ukumbuke mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

## Vipimo vinavyomgusa meya kweli

11. Nipime nini basi?

Anza na makusanyo dhidi ya makisio, ila kwa jicho kali. Halmashauri inayojisifu kuvuka asilimia 100 huenda ilishusha makisio chini ya ilichokusanya mwaka uliopita. Weka namba tatu kwenye mstari mmoja: makusanyo ya mwaka jana, makisio ya mwaka huu, makusanyo ya mwaka huu.

Pili, fedha za maendeleo. Mwongozo wa bajeti hudai sehemu ya mapato ya ndani iende kwenye miradi, na halmashauri zenye mapato makubwa hutakiwa kutenga zaidi. Angalia iliyotolewa, achana na iliyotengwa. Pengo hapo mara nyingi humaanisha posho, mafuta na madeni ya wazabuni vimekula kwanza, na kamati inayoongozwa na meya iliona kila mwezi.

Tatu, masoko. Hili unaweza kulipima kwa miguu yako. Nenda Kilombero, au Mbuyuni kwa Moshi, siku ya kawaida saa nne asubuhi, uhesabu vizimba 50 mfululizo: vingapi vimefungwa, vingapi vimegeuzwa stoo? Rudi baada ya miezi mitatu, siku ileile ya wiki, saa ileile. Kizimba hufungwa kwa sababu nyingi: paa linavuja, choo hakifai, au wateja hukomea kwa wanaouza nje ya geti. Sababu ya kuulizia zaidi ni ya kizimba kilichoandikwa jina la mtu asiyefanya biashara, anayekipangisha kwa mwingine. Tuseme halmashauri inapata 20,000 kwa mwezi na mwenye jina anachukua 100,000. Hapo kila mwezi 80,000 inalipita baraza mbele ya macho, na dawa yake haihitaji hela ya Benki ya Dunia. Inahitaji kuhakiki majina ya wapangaji, jambo ambalo mabaraza hulikwepa kwa kuwa baadhi ya majina yana wenyewe.

Nne, leseni zilizohuishwa. Idadi ya leseni mpya haisemi mengi, kwa sababu operesheni moja ya ukaguzi inaweza kuongeza mamia bila duka jipya hata moja. Uliza hivi: kati ya leseni 100 za kundi B za mwaka jana, ngapi zimehuishwa mwaka huu? Kumbuka biashara za kundi A hupata leseni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa hiyo kampuni kubwa hutazikuta kwenye rejista ya jiji.

Tano, siku za kusubiri kibali cha ujenzi, na mzunguko wa gari la taka mtaani kwako. Hivi ni vipimo vidogo vinavyodhihirisha mambo makubwa.

12. Mikopo ya asilimia 10 ni kipimo kizuri?

Kizuri, ukikisoma vyema. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), bila riba. Serikali ilisimamisha utoaji Aprili 2023, ukarejea mwaka wa fedha 2024/25, kwa hiyo shimo la kipindi hicho limo katika halmashauri zote nchini.

Kiasi kilichotolewa ndicho kinachotangazwa kwa mfano wa hundi kubwa mbele ya kamera. Uliza marejesho: kati ya kilichotakiwa kurudi robo hii, kimerudi kiasi gani, na vikundi vingapi havijarejesha hata mara moja? Kikundi kilichopewa bajaji mbili kisha hakionekani tena kina historia nyuma yake: nani alikithibitisha kwenye kata?

13. Tumepata hati safi ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Si inatosha?

Hati inayoridhisha inasema hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haisemi pesa ilitumika kwa busara, wala kwamba soko lina wateja. Soma hoja za ukaguzi zilizojirudia miaka miwili au mitatu. Hoja iliyofungwa haraka ni ishara ya baraza linalofuatilia. Ripoti hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni iliyopita, kwa hiyo usiitumie kumhukumu meya wa leo kwa makosa ya mtangulizi wake.

14. Nyaraka hizi nazipata wapi?

Mikutano ya baraza ya kila robo mwaka iko wazi kwa wananchi: ingia, kaa, sikiliza. Mbao za matangazo za halmashauri na kata hubandikwa mapato na matumizi. Ripoti za CAG huwekwa wazi zikishawasilishwa Bungeni.

Zisipopatikana huko, andika barua kwa mkurugenzi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibiwa. Barua nyingi hukwama kwa kuomba "taarifa zote za mapato". Andika: "makusanyo kwa kila chanzo, robo ya kwanza hadi ya nne, mwaka 2022/23 na 2023/24". Ombi la mstari mmoja linalojibika kwa jedwali moja ni gumu kulipiga chenga.

## Kesi ngumu

15. Kodi za fremu zimepanda. Ni dalili njema au mbaya?

Inategemea kilemba, ile pesa ya pembeni anayotoa mpangaji mpya ili aachiwe fremu. Kodi ikipanda na kilemba kikipanda, watu wanagombea fremu. Kodi ikibaki juu huku kilemba kimekufa na vibao vya "inapangishwa" vimezidi, mwenye nyumba amekaidi tu.

Kwa nyumba za kuishi, Arusha ina somo lake. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mishahara ya dola ilipoondoka, wenye nyumba kubwa na migahawa waliisikia. Uamuzi huo ulitoka Umoja wa Mataifa. Ukumbi wa jiji haukuwa na kura.

16. Biashara ya tanzanite imepungua mjini. Meya alikuwa wapi?

Madini yanatoka Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Ukuta wa kuzunguka machimbo ulizinduliwa 2018, na baadaye Serikali Kuu ikaelekeza biashara ifanyike Mirerani. Meya angeweza kupaza sauti. Kuzuia hakuweza. Mpime kwa kilichofuata: je, baraza lilijua ni leseni ngapi na ushuru kiasi gani vingeondoka, na lilikuwa na mpango gani?

17. Uwanja wa mpira wa AFCON 2027, Arusha, unahesabiwa kwa nani?

Ujenzi ni wa Serikali Kuu. Kwa halmashauri hesabu yaliyo pembeni: vibali vya nyumba za wageni, maeneo ya mama lishe, taka na vyoo, na ushuru uliokusanywa kwa wakandarasi wadogo. Ajira za ujenzi huisha ujenzi ukiisha, kwa hiyo usizitie kwenye mwenendo wa kudumu.

18. Moshi, bei ya kahawa ikipanda, tumshukuru meya?

Hapana. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa paundi kwenye soko la New York, kwa sababu za hali ya hewa Brazil na kwingineko. Kahawa yenyewe inalimwa vijijini, nje ya manispaa. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Moshi hunufaika mkulima akipata malipo. Ondoa hilo kwa kulinganisha na miji isiyo na kahawa (swali la 9).

19. Meya ana mwaka mmoja tu. Nimpime?

Mpime kwa maamuzi, matokeo yasubiri. Mwaka wake wa kwanza anatumia bajeti iliyopitishwa na baraza lililopita. Bajeti yake ya kwanza kamili huanza Julai inayofuata, na matokeo yake hukaguliwa mwaka mmoja baadaye.

20. Kama simchagui mimi, kipimo chote hiki cha nini?

Baraza lenyewe linaweza kumwondoa meya kwa kura ya theluthi mbili, kwa sababu zilizotajwa na sheria. Njia fupi zaidi ni diwani wako, kwa kuwa yeye ndiye mpiga kura wa meya. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, mpelekee swali moja lenye namba: "Robo iliyopita vizimba vingapi Kilombero havikulipiwa, na wewe ulisema nini kwenye baraza?" Jibu liingie kwenye muhtasari wa mkutano, kisha lirudishwe robo inayofuata.